Onyo Lililokaa Katika Jalada

Usiku wa tarehe 20 Machi 2025, transfoma moja katika kituo cha kupozea umeme cha North Hyde, magharibi mwa London, ililipuka na kushika moto. Kesho yake uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa karibu siku nzima, na safari za watu zaidi ya 200,000 zikavurugika. Kwa saa kadhaa zilivuma dhana za hujuma, hata uchunguzi wa awali ukaongozwa na polisi wa kupambana na ugaidi. Hujuma haikuonekana. Ripoti ya mwisho ya NESO, chombo kinachoendesha mfumo wa umeme wa Uingereza, ilitoka tarehe 2 Julai na kueleza jambo la kawaida kabisa, nami naliona la kutisha kuliko hujuma. Chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa unyevu ulioingia ndani ya kinga ya umeme. Unyevu huo ulikwishapimwa Julai 2018. Mwongozo wa kampuni yenye mtambo, National Grid, ulisema kwamba kipimo cha namna ile ni dalili ya hitilafu iliyo mlangoni, na kwamba kifaa kibadilishwe. Hakikubadilishwa. Mwaka 2022 hata matengenezo ya kawaida yaliahirishwa.

Miaka sita na miezi minane! Mimi si mhandisi. Ninafundisha historia ya siasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma majalada ya serikali. Jalada la aina hii nalifahamu. Onyo limeandikwa kwa ufasaha, limesainiwa, limepigwa mhuri, kisha limelala.

Ili tuelewe uzito wake, yatupasa tujue kinachopimwa. Ndani ya transfoma kubwa mna nyaya za shaba zilizozungushwa mizunguko mingi, na kila uzi umevikwa karatasi. Ndiyo, karatasi, itokanayo na mti kama ile ya daftari. Vyote hivyo vimezamishwa katika mafuta. Karatasi na mafuta kwa pamoja huuzuia umeme usivuke kwenda usikotakiwa, na mafuta huondoa joto. Hata ile nguzo ambamo waya wa msongo mkubwa hupita kuingia tangini, ambayo mafundi huiita bushingi, aghalabu imejengwa kwa karatasi na mafuta. Ndiyo iliyopasuka North Hyde.

Mafuta yanaweza kuchujwa au kubadilishwa. Karatasi haibadilishwi ila kwa kuubomoa mtambo wote, kwa hiyo umri wa transfoma ni umri wa karatasi yake. Ikiwa mpya, nyuzi zake ni minyororo mirefu yenye viungo 1,000 hivi au zaidi. Joto, maji na hewa huikata minyororo hiyo polepole. Inapobaki viungo 200, karatasi huwa kama jani kavu la mgomba, na mtikisiko mmoja waitosha. Lililo baya zaidi, karatasi inayooza huzalisha maji yenyewe, na maji hayo huharakisha kuoza kwake.

Mwaka 1930 mhandisi Mmarekani V. M. Montsinger alitoa kanuni iliyokuja kuwa maarufu: kila joto linapopanda kwa nyuzi 8 hivi za Selsiasi, umri wa kinga hiyo hupungua kwa nusu. Wahandisi waliozifuata kanuni hizi wamezirekebisha hapa na pale, lakini kiini kimebaki. Naiona kuwa mojawapo ya kanuni za kisiasa kabisa katika sayansi ya karne ya ishirini, ijapokuwa mwenyewe hakuikusudia hivyo. Anayeamuru transfoma ibebe mzigo kupita kiasi mwaka huu hapati umeme wa bure. Anakopa kutoka miaka ya mbele, na deni litamkuta mtu mwingine ofisini.

Je, tunajuaje hali ya karatasi iliyofungiwa ndani ya chuma? Jibu la mwanzo lilipatikana Ujerumani mwaka 1921, pale Max Buchholz alipobuni kifaa kinachowekwa kwenye bomba kati ya tangi kuu na tangi dogo la juu. Hitilafu ikichemsha mafuta, mapovu hupanda, boya hushuka, na kengele hulia. Hitilafu ikiwa kubwa, mtambo huzimwa. Kifaa hicho kingali kinatumika. Udhaifu wake ni kwamba husema ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kitabibu hasa. Kuanzia miaka ya 1960 wahandisi walizoea kuchota mafuta kidogo, kama daktari achotavyo damu, na kuyapima gesi zilizoyeyuka ndani yake. Haidrojeni hutokea hata kwa cheche dogodogo. Ethilini ni ishara ya joto kali. Asetilini huashiria tao la umeme. Kaboni monoksidi husimulia habari za karatasi. Mwaka 1974 Michel Duval, wa kampuni ya umeme ya Québec nchini Kanada, alizipanga gesi tatu katika pembetatu moja, ambayo fundi wa nchi yoyote anaweza kuichora kwa rula. Leo vipo vihisi vinavyopima mfululizo na kutuma taarifa. Lakini kwa chupa, sindano na maabara moja nzuri, sehemu kubwa ya kazi inawezekana.

Kwetu mafuta hayo yana historia nyingine. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti wezi nchini Kenya wakiyanyonya kutoka transfoma za mitaani na kuyauza kwa wakaanga chipsi, maana hayaharibiki upesi jikoni. Watu walicheka, kama walivyocheka Juni 2016 tumbili alipoiangukia transfoma ya Gitaru na Kenya nzima ikakosa umeme. Sikuona la kuchekesha katika lile la kwanza. Mtaa uliouziwa chipsi zile ndio uliobaki gizani karatasi ilipoungua, na afya za walaji sijazitaja.

Wapo watakaosema ajali ya London ni fundisho kwamba hata matajiri hushindwa, basi sisi tutulie. Mimi naona kinyume chake. London hawakukosa maabara, wala wataalamu, wala mwongozo. Walichokosa ni mtu mwenye mamlaka ya kuuzima mtambo unaofanya kazi, akalaumiwa kwa kuuzima. Mtambo usiozimwa haumletei mkubwa simu za malalamiko. Bushingi mpya haikatiwi utepe. Katika bajeti zetu pia, fungu la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa, kwa sababu hasara yake huchelewa kuonekana.

Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, husafiri kwa msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze. Karatasi ndani ya transfoma za njia hiyo bado changa, na wakati huu ndio wenye thamani kubwa: vipimo vya mafuta vya miaka ya mwanzo ndivyo vitakavyolinganishwa na vyote vitakavyofuata kwa nusu karne. Kwa wasomaji wangu mlio katika wizara na mamlaka za udhibiti, nina maswali matatu ya kuuliza katika kikao kijacho. Vipimo hivyo vimehifadhiwa wapi? Nani husoma kila kipya kikija? Na kikivuka kiwango, ni cheo gani, kwa jina, kinachotakiwa kutia saini kwamba mtambo uendelee kuwaka?