Kadhi wa Mombasa na Jamaa Zake

Wanafunzi wetu hapa Uganda wakisikia jina la Mazrui hudhani ni la mtu mmoja tu, yule profesa wa Makerere. Ukweli ni kwamba hilo ni jina la ukoo mkubwa, na habari zake zafaa zianzie kwa babu yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1825.

Wakati huo Wamazrui ndio waliokuwa wakitawala Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Ngome, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka uhamishoni Bandar Abbas. Ali alikuwa bado mtoto. Alikwenda Makka kusoma, akarudi akiwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ingawa wazee wake walikuwa Maibadhi. Kisha akawa kadhi wa Mombasa, chini ya Mabusaidi wale wale waliowaangusha jamaa zake. Haikosi ilikuwa kazi nzito kuwahukumia watu kwa niaba ya aliyeunyang'anya ukoo wako mji.

Lakini cheo hakikumfunga ulimi. Aliandika kuyapinga mafundisho ya Kiibadhi, nayo ndiyo yaliyokuwa madhehebu ya Sultani mwenyewe. Sayyid Barghash akamtia gerezani Unguja, asitoke ila baada ya Barghash kufariki mwaka 1888, alipofunguliwa na Sayyid Khalifa. Alifariki mwaka 1894.

Alimwacha mwana wa miaka mitatu, Al-Amin. Mtoto huyu alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, aliyekuwa kadhi pia. Hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapopaswa kutua kidogo. Baba aliandika hoja zake kwa Kiarabu, zikasomwa na wanavyuoni wenziwe. Mwana naye alikijua Kiarabu barabara, hata tarehe ya ukoo wake aliiandika kwa lugha hiyo. Lakini alipotaka kusema na watu wa mitaani, alishika Kiswahili. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Humo aliwakemea Waislamu wa pwani kwa israfu na kwa kupuuza elimu, maneno ambayo hapana shaka yaliwachoma wengi. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947.

Mwanawe Ali, mwenye jina la babu, alifundisha siasa Makerere kati ya mwaka 1963 na 1973, kwa Kiingereza. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome ile ile.