Shehena Haivuki: Historia Fupi ya Istilahi za Madaftari Kupokeleana

Miongoni mwa dhana zinazowafikia wafasiri wa serikali siku hizi imo ile ya kuziunganisha blokicheni zilizo mbalimbali kwa mikataba inayojitekeleza ndani ya kompyuta. Wengi huifasiri kwa neno moja, daraja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo linapotosha, na kwamba historia ya Nyanda za Juu Kusini inatupatia maneno yaliyo bora zaidi.

Tuanze na reli. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilipita Makambako, wakati huo katika Mkoa wa Iringa, na Mbeya, ikielekea Zambia. Upana wake ni milimita 1,067, ili mabehewa yaweze kuendelea katika reli za kusini mwa Afrika. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanzwa na Wajerumani, ni ya milimita 1,000. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa lililotoka Mbeya halikuweza kufika Tabora. Njia hizo mbili zilikutana Kidatu, mkoani Morogoro, na mwaka 1998 kilifunguliwa hapo kituo cha kuhamishia shehena: gunia lilishushwa huku likapakiwa kule. Neno "kuhamisha" lilikuwa sahihi, kwani gunia lenyewe lilivuka.

Huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, kila kampuni ilikuwa na daftari lake. Mfanyabiashara wa viazi wa Iringa aliyetaka kumlipa mkulima wa Mbeya mwenye laini ya kampuni nyingine alimpelekea ujumbe wenye namba ya siri, naye mkulima akaenda nao kwa wakala kuchukua fedha taslimu. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kupokeleana fedha moja kwa moja. Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Watu walisema, na husema hata leo, "fedha imeingia". Lakini hakuna fedha iliyotoka Iringa. Daftari moja lilipunguza, la pili likaongeza, na kampuni zikamalizana benki. Kilichofanya kazi ni mkataba, wenye sahihi za watu wanaoweza kushtakiwa.

Blokicheni nayo ni daftari, ila hunakiliwa katika kompyuta nyingi, kila ukurasa ukifungamanishwa na uliotangulia. Ile ya Bitcoin ilianza Januari 2009. (Kuiita "mnyororo wa vitalu" kunachekesha kidogo huku kwetu, maana Mufindi na Rungwe kitalu ni mahali pa kuoteshea miche ya chai.) Daftari hili halina meneja wa kutia sahihi. Kwa hiyo makubaliano huandikwa ndani yake kama programu, wazo alilolitoa Nick Szabo katika miaka ya 1990 na ambalo Ethereum ililieneza tangu 2015. Wapo wanaoiita programu hiyo "mkataba erevu". Mimi nalipinga jina hilo. Programu haina werevu wowote. Hutimiza sharti lililoandikwa, hata likiwa la kipumbavu. "Mkataba jitekelezi" ndilo jina linaloeleza kazi yake, na kivumishi hicho kisiachwe, ili mwanasheria asidhani kwamba kila programu ya namna hiyo ni mkataba mbele ya mahakama.

Sasa, mali iliyomo katika daftari moja inapotakiwa kutumika katika jingine, mkataba jitekelezi wa daftari la kwanza huifungia mali hiyo. Ule wa daftari la pili, ukipata uthibitisho, hutoa hati ya kuiwakilisha. Hati ikirudishwa hufutwa, na mali hufunguliwa. Hakuna kinachovuka. Mtumishi yeyote wa ushirika atautambua utaratibu huu: ni stakabadhi ya ghala, iliyowekewa sheria hapa nchini mwaka 2005.

Tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Februari 2022 mfumo uitwao Wormhole ulidanganywa ukatoa stakabadhi 120,000 za ether pasipo mali yoyote kuwekwa ghalani, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300. Mwezi uliofuata wezi walipata funguo tano kati ya tisa za walinzi wa Ronin, wakalikomba ghala lenyewe. Mfasiri aandikapo "daraja lilivamiwa", msomaji hufikiria hasara ya aliyekuwa njiani. Kumbe aliyekuwa hatarini ni kila mwenye stakabadhi mkononi, aliyedhani amekwisha kufika. Taarifa ya tahadhari kwa wananchi iliyofasiriwa hivyo haimwonyi anayestahili kuonywa.

Basi kwa jambo zima napendekeza "kupokeleana", kama kampuni za simu zilivyofanya. Kwa mahali mali inapofungiwa, "ghala". Na kwa hati, "stakabadhi". "Daraja" libaki kwa wahandisi wa barabara. Imebaki ile programu inayochukua uthibitisho kutoka daftari moja na kuufikisha katika jingine. Kwayo napendekeza "tarishi", neno ambalo kila masjala ya serikali inalijua.