Mkoba wa Msanifu: Habari za Ushahidi wa Kazi ya Mkono

Kijana wa leo aliyehitimu usanifu wa michoro, awe ametoka chuo cha Dar es Salaam, cha Nairobi au cha Kampala, aghalabu hapeleki maombi ya kazi yake ya kwanza mahali popote ila huambiwa, kabla ya kuulizwa shahada na kabla ya barua za wadhamini, atume anwani ya mtandaoni ambako kazi zake zimepangwa zikaonekana, ndio mkoba wake wa kazi. Wazee wake huistaajabia desturi hii, wakadhani ni bidaa iliyoletwa na intaneti. Kwa hakika ni desturi kongwe, na habari zake ni habari za ushahidi: ni nani, au ni kitu gani, kitakachosimama mbele ya tajiri kimshuhudie fundi asiyejulikana ya kwamba mkono wake unaweza.

Katika miji ya Ulaya ya zama za kati shahidi huyo alikuwa mtu zaidi ya kuwa kitu. Mtoto alitolewa na wazazi wake akakabidhiwa fundi mkuu kwa mkataba, akakaa nyumbani mwake miaka kadhaa akifagia karakana, akisaga rangi na kuchochea tanuri, hata akaaminiwa kushika chombo. Alipoumaliza uanagenzi alifanya kazi ya ijara kwa mafundi wengine, pengine akitembea mji hata mji. Na mwisho, katika vyama vingi vya mafundi, aliketishwa atengeneze kitu kimoja kwa mkono wake mwenyewe, kufuli, kabati, au kikombe cha fedha, kikapimwa na wazee wa chama kabla ya yeye kuitwa fundi mkuu na kuruhusiwa kufungua duka. Kitu hicho hakikukusudiwa kumvutia mnunuzi. Kilikusudiwa macho ya wajuzi, na wajuzi hao waliijua karakana alimolelewa. Mwambao wetu nao haukuwa baidi na mwendo huo: mwanagenzi aliyefuzu alimtolea fundi wake kilemba, na tangu hapo jina la fundi lilimtangulia kila aendako, na mchonga milango wa Lamu au wa Unguja hakuwa na haja ya kubeba kielelezo, maana kazi yake ilisimama barabarani usiku na mchana, na kila apitaye aliweza kuuliza ni nakshi ya nani.

Utaratibu huo ulikuwa na uhakika mwingi na uadilifu mchache. Mwana wa fundi mkuu alilegezewa ada na masharti, mgeni akakazwa, na mwanamke mara nyingi aliukuta mlango umefungwa. Na fundi aliyeuhama mji wake alimwacha shahidi wake nyuma.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Leonardo da Vinci. Alizaliwa mwaka 1452, akajifunza katika karakana ya Andrea del Verrocchio mjini Florence, na kufikia 1472 jina lake lilikuwa katika daftari la chama cha wachoraji wa mji huo. Mnamo 1482, akiwa na umri wa kadiri ya miaka thelathini, alihamia Milan, ambako sifa za Florence hazikutosha kumpa mtu riziki, akatunga waraka wa kumwelekea mtawala wa mji, Ludovico Sforza. Rasimu ya waraka huo ingalipo, katika mkusanyo wa karatasi zake uitwao Codex Atlanticus, kwenye maktaba ya Ambrosiana huko huko Milan, na kila atafutaye kazi angefaidi kuijua, kwa kuwa ni somo la kumtambua tajiri kabla ya kumwomba. Ludovico alikuwa na maadui na alihitaji silaha. Basi mchoraji huyu anaanza na madaraja mepesi yabebekayo, akaendelea na namna ya kukausha maji ya mahandaki ya ngome, na mizinga iliyo rahisi kuchukuliwa, na njia za chini ya ardhi zichimbwazo pasipo kelele, na magari yaliyofunikwa yasiyopenywa, na vyombo vya vita vya baharini. Na ni katika fungu la kumi tu, alipogusia siku za amani, ndipo anapotaja majengo, mifereji ya maji, uchongaji, na uchoraji, kana kwamba uchoraji ulimjia akilini wakati anakunja karatasi. Ithibati ya kuwa amekwisha kuviunda vyombo hivyo hakuiambatisha. Alichofanya ni kujitolea kulijaribu jambo lolote litakalotiliwa shaka, katika bustani ya mtawala au mahali pengine apendapo.

Katika karatasi hizo hizo imo pia orodha fupi, ya kadiri ya wakati ule ule, ambayo mimi naithamini kuliko waraka. Ni orodha ya vitu alivyokuwa navyo: maua mengi yaliyochorwa kwa kuangaliwa yalivyo, kichwa kilichotazama mbele chenye nywele za kujisokota, picha kadhaa za Mtakatifu Jerome, michoro ya tanuri, na mengineyo. Hakuna neno la sifa ndani yake. Waraka ulikuwa ahadi, na orodha ilikuwa mali iliyo mkononi. Na ukiuliza mkoba wa msanifu ulianzia wapi, nitakuonyesha orodha hiyo kabla ya waraka wenye jina kubwa. Kazi aliipata, lakini si kwa mizinga tunayomkumbuka Milan. Tunamkumbuka kwa Karamu ya Mwisho, aliyoichora ukutani baina ya 1495 na 1498, yaani kwa lile fungu la kumi.

Nguvu ya vyama vya mafundi ilipungua karne baada ya karne, na Ufaransa ikavifuta kwa sheria mwaka 1791. Kabla ya hapo, mjini London, seremala mmoja alikwisha kuonyesha kitakachoshika nafasi yao. Thomas Chippendale, mwana wa seremala kutoka Otley katika Yorkshire, alitoa mwaka 1754 kitabu kikubwa cha michoro ya viti, meza, vitanda na makabati, kurasa 160 za nakshi ya shaba, kilicholipiwa kwa michango ya watu walioahidi kukinunua kabla hakijatoka, wakiwamo masharifu na maseremala wenzake. Kwa mara hiyo kazi ilisafiri bila mwenyewe. Bwana aliyekuwa Scotland aliweza kukitazama kiti cha Chippendale na kukiagiza pasipo kumwona fundi wala kumwuliza mtu habari zake. Bali seremala wa Philadelphia naye aliweza kukitazama na kukiiga pasipo kuomba idhini, na wengi waliiga. Neema hii na hasara hii zilizaliwa siku moja, na mpaka leo hazijaachana.

Karne ya ishirini ilileta biashara kubwa ya matangazo katika New York na London, na pamoja nayo ule mkoba mweusi ambao wasanifu wa makamo wanaukumbuka kwa mchanganyiko wa mapenzi na uchungu: mpana kuliko kifua cha mtu, wa ngozi au wa plastiki ngumu, wenye zipu pande tatu, na ndani yake kurasa za plastiki angavu zilizotiwa kazi teule, nzuri kabisa ikiwa ya kwanza na nyingine nzuri ikiwa ya mwisho, ili mtazamaji mwenye haraka asikose kuiona mojawapo. Baadhi ya majarida na kampuni za matangazo zilikuwa na siku maalumu ya kupokea mikoba. Kijana aliuacha wake asubuhi kwa karani wa mapokezi, akarudi baadaye kuuchukua, na mara nyingi asijue kama umefunguliwa au umelala chini ya meza siku nzima. Wengine, walisema watu wa kazi hiyo, walipachika uzi mwembamba baina ya kurasa wapate kujua. Mkoba ulikuwa mmoja, nao uliweza kuwa mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Picha na chapa zake ziligharimu fedha nyingi. Na asiye na kazi ya kulipwa alilazimika kubuni matangazo ya sabuni au ya gari ambayo hakuna aliyemwagiza, ili mkoba usiwe mtupu. Hitaji hilo lilikuwa kubwa hata shule zikaanzishwa kwa ajili yake: huko Atlanta ilifunguliwa mwaka 1979 shule iliyojiita waziwazi Portfolio Center, ambayo mwanafunzi aliiendea hasa kwa ajili ya mkoba.

Ya mtandao katika miaka yake ya kwanza nitayapita upesi, kwa kuwa yalikuwa na fahari nyingi na faida haba. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1991; kufikia mwisho wa 1995 GeoCities ilikuwa ikigawa kurasa bure kwa yeyote; na tangu 1996 programu ya Flash iliwawezesha wasanifu kufanya herufi zicheze na milango ifunguke kwa muziki, huku tajiri akingoja mbele ya kioo mstari ujae ndipo aruhusiwe kuingia. Kwetu Afrika Mashariki hata kungoja huko kulikuwa ghali. Intaneti yetu ilipitia kwa sehemu kubwa kwenye setilaiti mpaka Julai 2009, waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulipoanza kazi ukiwa umetia nanga Mombasa na Dar es Salaam; kabla yake, kijana aliyetaka kupandisha picha kumi nzito katika duka la intaneti alihesabu dakika kama abiria wa teksi atazamavyo mita. Mwaka huo huo GeoCities ilifungwa, na mamilioni ya kurasa yakaondoka nayo. Flash ilikoma tarehe 31 Desemba 2020. Kazi nyingi za kizazi kile cha kwanza hazifunguki tena, ilhali orodha ya Leonardo inasomeka.

Katika muongo wa 2000 ndipo yalipotokea masoko ya kudumu. Scott Belsky na Matias Corea waliianzisha Behance mjini New York, ikanunuliwa na Adobe mwishoni mwa 2012, na humo mtu alipanga kazi zake kama mtu apangavyo duka, bila kujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Lakini la ajabu zaidi kwangu ni Dribbble, iliyofunguliwa na Dan Cederholm na Rich Thornett huko Massachusetts mwaka 2009. Humo msanifu alionyesha kipande kidogo tu cha kazi anayoishughulikia, pikseli 400 kwa 300, na haki ya kuonyesha haikutolewa kwa kila ajaye: ilimpasa aalikwe na mmoja wa waliokwisha kuingia. Yaani chama cha mafundi kilichozikwa Paris mwaka 1791 kilikuwa kimefufuka Massachusetts, na wazee wake, na mlango wake, na vijana wa nchi za mbali wakiomba mwaliko kwa watu wasiowajua. Walioujenga walitaka ubora usichafuliwe, nao hawakukosea. Ila mlango unaolindwa na walio ndani humpendelea jirani wa walio ndani, na jirani huyo aghalabu hakuwa wa Kariakoo wala wa Eastleigh.

Kazi isafiripo bila mwenyewe, shaka husafiri nayo. Mwaka 2009 msanifu kijana wa Marekani, Dustin Curtis, alichukizwa na tovuti ya shirika moja kubwa la ndege, akaisanifu upya bila kuagizwa akaitangaza pamoja na waraka wa wazi; msanifu mmoja wa shirika hilo akamjibu kwa adabu ya kwamba kuchora ukurasa mzuri si kazi ngumu, kazi ngumu ni idara nyingi zenye kauli juu ya ukurasa mmoja, na kwa kujibu huko akafukuzwa kazi. Miaka minne baadaye msanifu Paul Adams aliandika makala iliyosomwa sana akilaumu wasanifu wanaochora kwa ajili ya kusifiwa na wasanifu wenzao, mapambo matupu yasiyotatua shida ya mtu yeyote. Tangu hapo matajiri wenye busara walizidi kuacha kuridhika na picha. Walitaka maelezo: shida ilikuwa ipi, wenzako walikuwa wangapi, wewe ulishika lipi, michoro ipi ilikataliwa na kwa nini. Na tangu 2022, zilipoenea programu zichorazo kwa kuamriwa kwa maneno, maelezo hayo yamekuwa na uzito kupita picha zenyewe, kwa sababu picha nzuri peke yake haishuhudii tena mkono wa mtu.

Hapo ndipo kijana wetu anapokwama. Akiwa mwanagenzi katika kampuni ya matangazo, hushika sehemu ya kazi kubwa, nembo hii, rangi ile, bango la mtaani, kisha mkataba humkataza kuionyesha, au tajiri hukataa kutaja jina lake, naye huondoka baada ya mwaka mzima akiwa na mkoba mtupu kuliko ule wa fundi wa zama za kati, ambaye alau alikuwa na wazee wa kumsemea. Mchora mabango wa mtaani, aandikaye jina lake na nambari ya simu pembeni mwa ukuta alioupaka, ana haki ambayo mhitimu wa chuo hana. Nawasihi wenye kampuni wa miji yetu walitengeneze hili, maana halina gharama: kijana anapoondoka, apewe ruhusa ya maandishi ya kuonyesha kazi ambazo siri yake imekwisha, na karatasi ya mistari mitatu, yenye sahihi, itajayo ni sehemu ipi aliyoifanya yeye. Na wewe kijana, iombe karatasi hiyo kabla hujarudisha funguo za ofisi, kisha uhifadhi nakala ya kila kazi mahali palipo pako mwenyewe.