Kati ya Nani? Hoja Kuhusu Ufundishaji wa Takwimu katika Sayansi ya Mazoezi, kwa Mfano wa Kibumba

Mwanafunzi wa sayansi ya mazoezi na michezo hukutana na takwimu akiwa amekwisha kuchelewa. Amepima mapigo ya moyo, amejaza majedwali, ndipo anapotafuta programu ya kompyuta imwambie kama matokeo yake yana uzito. Mpangilio wa somo lenyewe ndio unaomfikisha hapo: wastani, mkengeuko sanifu, kipimo cha t, uwiano, kisha uchanganuzi wa tofauti za makundi, sura baada ya sura, huku suala la sampuli likitengewa kurasa chache tu. Makala haya yanatetea mpangilio wa kinyume. Swali linalostahili kutangulia ni hili: watu waliopimwa wametoka kati ya nani, na ni nani waliobaki bila kupimwa? Hesabu inayofanywa kabla ya swali hilo kujibiwa, hata ikiwa sahihi, haina pa kusimama. Kibumba, katika wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii, kwanza kwa sababu ya historia yake ya kuhesabiwa, na pili kwa sababu ya kazi nzito ya mwili inayofanywa huko kila siku.

Historia hiyo ni ya mwaka 1994. Mwezi Julai wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kivu Kaskazini na kujaa katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, na mara wakavamiwa na kipindupindu, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokaribia 50,000. Ardhi ya lava ilikuwa ngumu kuchimba makaburi, hivyo miili mingi iliwekwa kandokando ya barabara, ikakusanywa na kuhesabiwa. Idadi ya wafu ilijulikana vizuri kuliko ya walio hai, kwani wakimbizi walikadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000. Tukigawa vifo 50,000 kwa 800,000 tunapata asilimia 6 na kidogo. Tukigawa kwa 500,000 tunapata 10. Hitilafu yote imetoka kwenye asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, wala hakuna kipimo cha kitakwimu ambacho kingeiondoa. Kilichosaidia ni uchunguzi wa sampuli za kaya uliofanywa Agosti katika kambi hizo tatu, ambapo familia ziliulizwa ni wangapi walikuwamo na ni wangapi wamefariki. Anayeuelewa mfano huu ameelewa nusu ya somo la takwimu kabla ya kugusa kanuni yoyote ya hesabu.

Sayansi ya michezo ina mfano wake unaofanana na huo. Mwaka 2006 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji mahiri 404 wa Kenya na Wakenya wengine 87. Miongoni mwa wakimbiaji wa ngazi ya kimataifa, asilimia 81 walikuwa wakienda shule kwa kukimbia; miongoni mwa walinganishwa, asilimia 22 tu. Msomaji mwenye haraka atahitimisha kwamba kukimbia kwenda shule huzaa bingwa. Lakini utafiti ulianza na mabingwa ukarudi nyuma hadi utotoni mwao; haukuanza na watoto ukawasubiri wakue. Tuchukulie, kwa kielelezo tu, watoto 10,000, ambao 2,200 kati yao hukimbia kwenda shule, na kwamba 10 kati ya wote watakuwa mabingwa, 8 wakitoka kundi la wakimbiao. Uwezekano wa mtoto anayekimbia kuwa bingwa ni 8 kwa 2,200, chini ya nusu ya asilimia moja. Ni kweli umezidi mno ule wa asiyekimbia, ambao ni 2 kwa 7,800, lakini uko mbali sana na ile asilimia 81. Zaidi ya hayo, katika utafiti huohuo asilimia 81 ya wakimbiaji wa kimataifa walitoka Mkoa wa Bonde la Ufa, ilhali walinganishwa waliotoka huko walikuwa asilimia 20. Mahali pa kuzaliwa na namna ya kwenda shule vimefungamana, na ili kuvitenganisha ingebidi mtoto wa Bonde la Ufa alinganishwe na mtoto wa Bonde la Ufa. Watafiti walieleza sifa za wanariadha, hawakufanya jaribio la kutafuta chanzo. Kosa, likitokea, ni la msomaji asiyeuliza asilimia hiyo ni ya akina nani.

Turudi Kibumba. Kabichi, viazi na karoti za huko huteremshwa Goma kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili linaloweza kubeba mamia ya kilo, na ambalo sanamu yake imesimama mjini Goma. Safari inazidi kilomita 20: kwenda ni mteremko wa volkano ya Nyiragongo, kurudi ni kusukuma kupanda. Ni mada inayomwita mtafiti wa mazoezi. Sasa tuseme mwanafunzi anawapima barabarani wasukuma chukudu 30, anawalinganisha na wanafunzi wenzake 30 wa Goma, na anakuta mioyo ya wasukuma ina nguvu zaidi. Je, kazi ndiyo iliyoijenga? Huenda. Lakini waliokutwa barabarani ni wale ambao magoti na migongo yao bado vinawaruhusu kusukuma. Aliyeumia akaacha hayupo katika sampuli, na kijana dhaifu hakuianza kazi kabisa. Wataalamu wa afya ya kazini wanaijua vyema hali hii ya wafanyakazi kuonekana wazima kwa sababu wagonjwa wamekwisha kuondoka. Tena, anayeishi Kibumba anaishi juu zaidi ya mkazi wa Goma aliye kando ya Ziwa Kivu, na chakula chake ni kingine. Kuongeza wasukuma kutoka 30 hadi 300 hakutaponya hata kasoro moja kati ya hizi. Kutafanya tu jibu lenye upogo lionekane la uhakika zaidi. Dawa ni kuwatafuta walioacha kazi, kuwalinganisha wasukuma na wakulima wa Kibumba hiyohiyo, na ikiwezekana kuwafuatilia vijana tangu wanapoianza kazi.

Kuna watakaopinga kwamba tatizo kubwa la fani hii ni uchache wa washiriki, na kwamba hilo hutatuliwa kwa mbinu za hesabu. Pingamizi hilo lina ukweli wake. William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la kalamu Student, msingi wa kipimo cha t kwa ajili ya sampuli ndogo. Ila kipimo hicho hukadiria yumbayumba ya bahati tu, na huchukulia kwamba sampuli imepatikana kwa njia ya haki. Fani ya michezo iliwahi pia kujitafutia njia yake, ya kuamua kwa kutazama ukubwa wa athari, iliyoenezwa na Will Hopkins na Alan Batterham. Mwaka 2018 Kristin Sainani alionyesha kwamba njia hiyo huongeza matokeo chanya ya uongo, hasa sampuli zikiwa ndogo. Miaka miwili kabla, Chama cha Takwimu cha Marekani kilikuwa kimetoa tamko kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala ukweli wa dhana. Mbinu ni za lazima, lakini mahali pake ni baada ya swali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: katika eneo la vita, orodha ya watu wa kuchagulia sampuli haipo. Mapigano kati ya waasi wa M23 na jeshi la taifa mwaka 2022 yaliwafukuza wakazi wengi wa Kibumba, wakakimbilia Kanyaruchinya na kwingineko. Wakazi wa Kibumba ni akina nani basi: waliobaki, waliohama, au waliorejea? Hilo linaimarisha hoja yetu badala ya kuibomoa. Palipo na orodha kamili, mtafiti anaweza kulipuuza swali la asili na bado akaponea chupuchupu; pasipo na orodha, kulipuuza ni kujipotosha. Uchunguzi wa Agosti 1994 ulifanyika katika mazingira magumu kuliko ambayo mwanafunzi yeyote ataombwa kuyakabili. Na pale sampuli ya haki isipopatikana, uaminifu unadai dai lipunguzwe: mtafiti aseme amewapima wasukuma 30 waliopita barabara ile mwezi ule, asiseme amewapima wasukuma wa Kivu Kaskazini. Wala utafiti huu si anasa. Kwa kijana wa Kibumba goti ni mtaji, na ushauri unaotolewa kutokana na sampuli mbovu unaweza kumharibia mtaji huo.

Basi idara zinazofundisha sayansi ya mazoezi ziyape majuma ya mwanzo ya somo la takwimu kazi moja isiyohitaji kompyuta: kusoma tafiti na kueleza kwa maandishi nani alipimwa, kati ya nani, na nani alikosekana. Na msimamizi anapoletewa pendekezo la tasnifu lisilojibu maswali hayo matatu, alirudishe kabla vipimo havijaanza.