Gasketi ya Tapeti Kava Katika Gereji za Afrika Mashariki

Juu ya injini ya gari kuna kifuniko kinachoziba valvu na vifaa vinavyozisukuma. Mafundi wa Afrika Mashariki hukiita tapeti kava. Kati yake na silinda hedi hulazwa gasketi, ukanda mwembamba unaobanwa ili oili inayorushwa ndani isitoke nje. Gasketi hiyo ikivuja, oili huteremka ubavuni mwa injini, ikadondokea ekzosi na kufuka moshi wenye harufu ya kuungua. Ikipuuzwa kwa muda mrefu, huweza kuwasha moto.

Si injini zote za zamani zilizokuwa na kifuniko hicho. Katika Chevrolet 490, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1915, roka, vyuma vinavyosukuma valvu, zilikaa wazi na mwenye gari alizipaka oili kwa mkono. Vumbi lilizila haraka. Watengenezaji walipozifunika na kuzipelekea oili kwa pampu, walihitaji kitu cha kuziba ukingo wa kifuniko, na kwa miongo mingi waliegemea gome la mwaloni wa Ureno na Hispania, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Gome hilo limejaa vishimo vidogo vya hewa, kwa hiyo hubonyea bila kutanuka pembeni, na oili hailiharibu. Adui yake ni joto na ukavu: hunywea, hukakamaa, kisha hupasuka. Baadaye lilisagwa na kuchanganywa na mpira ili lidumu zaidi.

Magari yaliyojenga jina katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa ya aina hiyo. Volkswagen ilishinda mashindano ya magari ya Safari katika miaka ya 1950. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Land Rover ilibeba maofisa, wamisionari na wagonjwa. Injini hizi zilidai tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, zipimwe na kurekebishwa mara kwa mara, na kitabu cha Volkswagen kilitaka kazi hiyo ifanywe kila kilomita 5,000. Kila mara kifuniko kilifunguliwa, na gasketi iliyokwisha kubanwa haikuaminika tena. Ndiyo maana kazi hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukabidhiwa spanaboi, yaani mwanagenzi wa gereji. Wengi walijifunza chini ya mafundi wa Kihindi, wakiwemo Makalasinga, waliokuwa na nafasi kubwa katika gereji za miji ya Afrika Mashariki.

Tanzania ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, spea zilikuwa adimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vikafuata mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikapungua mno. Hadi mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuingiza bidhaa, kupata gasketi halisi dukani kulikuwa bahati. Hapo ndipo ufundi wa kukata kwa mkono ulipothibitisha thamani yake, nao unastahili kuelezwa kwa heshima.

Fundi alilaza karatasi nzito au ubao mwembamba wa gome juu ya ukingo wa kifuniko, akaushika usisogee, kisha akagonga taratibu kwa nyundo ndogo kuufuata ukingo. Chuma chenyewe kilikata. Matundu ya bolti aliyatoboa kwa upande wa duara wa nyundo au kwa gololi ya bearingi. Alianza na matundu mawili ya pembe zinazotazamana, akaingiza bolti, ili kazi iliyobaki isihame. Karatasi ilipakwa oili au grisi kabla ya kufungwa. Tyubu ya gurudumu ilijaribiwa pia, lakini mpira wa tyubu huvimba ukilowa oili, hulegea na kutoka mahali pake. Raba inayostahimili oili ni nyingine kabisa, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930.

Kosa kubwa la zama hizo lilikuwa kukaza kupita kiasi. Kifuniko cha bati hupinda penye bolti, gasketi ikasagika hapo na kubaki legelege katikati, na uvujaji ukazidi. Fundi mzuri alikinyoosha kwanza kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, akasafisha uso mpaka ukang'aa, kisha akakaza kidogo kidogo kwa zamu. Alikagua pia bomba la kupumulia la injini, kwa sababu likiziba, shinikizo la ndani huisukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya.

Magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyomiminika kuanzia miaka ya 1990, yalibadili kazi hii. Gasketi zake ni za raba iliyofinyangwa kulingana na mfereji wa kifuniko, na nyundo haiwezi kuzikata. Katika injini kama 22R ya Toyota Hilux kuna raba za nusu mwezi kwenye ncha za silinda hedi, na uvujaji huanzia hapo mara nyingi. Injini nyingine zina raba kuzunguka matundu ya plagi. Zikichoka, plagi huogelea kwenye oili na injini hukosa nguvu. Silikoni ya bomba imekuja kuwa jibu la haraka, lakini hutosha tone dogo kwenye pembe. Ikijazwa ukingo mzima, ziada yake hukatika, huangukia sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini hufa kwa kukosa oili.

Ukataji wa mkono haujatoweka. Land Rover za zamani bado zinafungwa gasketi zilizokatwa benchini, na zikikatwa vizuri hazivuji.