Ripoti Iliyogeuka Mzimu: Scrooge na Deni Lisiloandikwa Daftarini

Mapema mwaka 1843, Charles Dickens aliletewa ripoti ya tume ya serikali ya Uingereza kuhusu ajira za watoto. Tume hiyo ilikuwa imewahoji watoto wenyewe: wanaingia kazini saa ngapi, wanatoka saa ngapi, wanakula nini, wamewahi kusoma au la. Dickens alikuwa ameripoti habari za bunge kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya, kwa hiyo makaratasi ya serikali hayakuwa mageni kwake. Haya yalimtia hasira. Akapanga kuandika kijitabu cha bei ndogo cha kuwatetea watoto wa maskini.

Siku chache baadaye akaghairi. Akamwandikia Dk. Southwood Smith, mmoja wa makamishna, kwamba avute subira hadi mwisho wa mwaka, maana kitakachokuja kitapiga kwa nguvu kuliko kijitabu chochote. Kilichokuja kilikuwa hadithi ya mizimu. A Christmas Carol ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na hadi mkesha wa Krismasi nakala 6,000 zilikuwa zimekwisha.

Sasa tujiulize: mtu mwenye ushahidi mkononi anauwekaje kando na kuchukua mizimu? Sisi wa kazi ya habari jibu tunalijua, hata kama linauma. Ripoti husomwa na wale ambao tayari wanajali. Asiyejali hutafutiwa njia nyingine ya kuingilia nyumbani kwake, ikibidi usiku wa manane.

Na asiyejali wa Dickens ana jina. Wengi tunamkumbuka Ebenezer Scrooge kama bahili tu, mzee mkavu anayemnyima karani wake hata makaa ya kuota moto. Lakini hebu rudi kwenye ukurasa ule mabwana wawili wanapoingia ofisini kwake kuchangisha fedha za maskini. Scrooge anawauliza kama magereza yamefungwa, na kama zile nyumba za kazi za maskini bado zipo. Hapo hafanyi mzaha, anataja sera. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilitaka mwenye shida asaidiwe ndani ya nyumba hizo, na maisha humo yalifanywa magumu makusudi ili watu waogope kwenda. Mume alitenganishwa na mke, watoto na wazazi. Wakimwambia kwamba wapo wanaoona heri kufa kuliko kuingia humo, Scrooge anajibu kuwa basi na wafe, idadi ya watu ipungue. Hilo nalo hakulibuni yeye. Tangu Thomas Malthus achapishe insha yake kuhusu ongezeko la watu mwaka 1798, hoja ya watu kuzidi chakula ilikuwa imezoeleka midomoni mwa wasomi na wakubwa.

Kwa hiyo Scrooge ni raia mtiifu. Anazigharamia taasisi zile kama sheria inavyotaka, na anaamini wajibu wake unaishia hapo. Jambo hilo ndilo linalonitisha katika kitabu hiki, kuliko minyororo na vilio vyote vya usiku.

Tukija kwenye minyororo yenyewe, Jacob Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba nyuma, anatokea akiwa amefungwa kwa visanduku vya fedha, funguo, makufuli na madaftari ya hesabu. Jamani, huyu hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kudhani kwamba biashara yake iliishia kaunta, kumbe hali za wenzake nazo zilikuwa biashara yake. Kisha Scrooge anachungulia dirishani na kuona anga limejaa mizimu. Mmoja ana sefu ya chuma mguuni, analia kwa kuwa hawezi kumsaidia mama maskini aliyekaa mlangoni na mtoto mchanga. Adhabu yao ndiyo hiyo: kutaka kusaidia wakati uwezo umeshaondoka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Dickens, mjukuu huyo huja baada ya mazishi.

Wokovu wa Scrooge, hata hivyo, hauanzi kwa vitisho. Unaanza kwa kumwonyesha mtoto aliyeachwa peke yake shuleni, yaani yeye mwenyewe. Dickens alimjua mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni, na yeye akapelekwa kubandika lebo kwenye vyungu vya dawa ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Ndiyo maana watoto wawili wanaojificha chini ya joho la mzimu wa pili, Ujinga na Ufukara, hawasomeki kama mapambo. Septemba ya mwaka ule ule wa 1843 alikuwa ametembelea shule ya watoto fukara ya Field Lane, London.

Wapo waliomkosoa. George Orwell aliona kwamba Dickens alitaka watu wabadilike tabia bila kugusa mfumo wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Tena kitabu kiliuzwa shilingi 5, wakati Bob Cratchit, karani wa Scrooge, alilipwa shilingi 15 kwa wiki. Theluthi ya mshahara! Bob asingeweza kukinunua. Kiliandikwa kwanza kwa waajiri wake. Miaka kumi baadaye, Desemba 1853, Dickens alikisoma hadharani Birmingham, na akataka siku moja itengwe kwa wafanyakazi, kwa kiingilio nafuu.

Lakini angalia Scrooge anavyomaliza. Bata mzinga anamtuma kimya kimya, na bata huliwa siku moja akaisha. Kesho yake, ofisini, anampandisha Bob mshahara. Toba yake inafika kwenye daftari la hesabu, mahali pale pale dhambi ilipoandikwa. Hapo ndipo naona Dickens anamjibu Orwell, ingawa ni nusu ya jibu tu. Nusu nyingine haikuwa mikononi mwa mtunzi. Sheria ya 1834 haikufutwa na hadithi, na nyumba za kazi ziliendelea hadi karne ya 20. Hata sheria ya saa kumi za kazi kwa wanawake na vijana viwandani, ya mwaka 1847, ilidaiwa kwa miaka mingi na wafanyakazi na watetezi wao bungeni.

Ukikisoma tena, usiharakishe kwenda kwa mizimu. Kaa kidogo na wale mabwana wawili na karatasi yao ya michango, usikilize majibu wanayopewa. Utashangaa ni mara ngapi umeyasikia yakitamkwa na watu wema kabisa.