Hewa safi ya Mufindi na moshi wa Igowole

Mkazi wa Dar es Salaam akitajiwa Mufindi hufikiria baridi, chai na hewa safi. Sifa hiyo ina historia yake, na wapo waliojipatia ardhi kwa ajili yake.

Mwaka 1925 walowezi wa Kizungu walikutana Tukuyu kwa mwito wa Lord Delamere wa Kenya, kuzungumzia mustakabali wao katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka huo huo Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, na baadhi yao wakaenda Mufindi, ambako walipanda chai. Imani ya siku zile ilikuwa kwamba mwili wa Mzungu hustawi mahali pa baridi. Hata neno malaria ni la Kiitalia, maana yake hewa mbaya, ingawa Ronald Ross alikwisha kuonyesha tangu 1897 kwamba mwenye kosa ni mbu. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, na kampuni ya Brooke Bond ikaingia.

Sasa tuangalie jiografia. Igowole ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Nyololo kwenda Kibao, juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita kati ya 1,800 na 2,000. Upande wa kusini-mashariki uwanda huo unakatika na kuteremka hadi bonde la Kilombero, ambalo liko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Aprili pepo za kusi, zile zile zilizosukuma majahazi kutoka Zanzibar kwenda Arabuni, huingia bara zikiwa na unyevu wa Bahari ya Hindi, zikagonga ukuta huo, zikapanda na kupoa. Ndiyo maana Juni hadi Agosti, wakati Iringa mjini anga ni kavu, ukingo wa Mufindi hufunikwa na ukungu na manyunyu. Mchai unaipenda hali hiyo mno.

Mapafu ya binadamu ni habari nyingine. Katika msimu huo huo wa baridi huwapo usiku usio na upepo wala mawingu. Ardhi hupoteza joto lake, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka mabondeni kama maji, hadi kule kwenye vinyungu ambako mboga huungua kwa jalidi. Hewa yenye joto hubaki juu yake kama mfuniko wa chungu. Moshi wa jikoni ukipanda hufika kwenye mfuniko huo, ukatandaa, ukakaa hapo mpaka jua la saa tatu au nne liupashe moto uwanda. Kwa hiyo baridi ile ile iliyosifiwa na walowezi ndiyo inayoufungia moshi.

Na moshi upo wa kutosha. Tangu miaka ya 1970 Serikali ilipopanua shamba la miti la Sao Hill, na baadaye wananchi walipopanda misindano yao wenyewe, mbao zimekuwa uchumi wa wilaya. Mashine za kuhamahama za kupasulia mbao, zile ziitwazo ding-dong, huacha mabanzi na malundo ya pumba, na lundo la pumba likishika moto hufuka siku nyingi. Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua, ndipo vumbi la barabarani na moto wa kuandalia mashamba hukutana. Mvua zikianza, hewa huoshwa.

Lakini moshi mbaya zaidi ni ule wa ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani huua watu wapatao milioni 3 kwa mwaka ulimwenguni. Kwenye baridi ya Mufindi madirisha hufungwa mapema, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto la kulalia. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hasikii kitu.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema. Hata hivyo angalia jina lake: ya kupikia. Mtungi wa gesi utaivisha maharage ya Igowole, lakini hautawapa watoto joto saa nane za usiku mwezi wa Julai. Mkakati uliofikiriwa kwa mizani ya Dar es Salaam, ambako watu hutafuta feni, hauna budi kuulizwa swali hilo.

Walowezi, kwa upande wao, walijenga nyumba zenye meko ya ukutani na dohani ya kutolea moshi nje. Dohani ni matofali na udongo tu, na matofali ya kuchoma Mufindi hayaagizwi kutoka mbali.